Kiti Ndani ya Maji

Siku ambayo watu wa kwao walikubaliana kwamba Fanuel amepata wazimu, Fanuel mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya maji ya Khor mpaka magotini, ameshika kiti cha plastiki, anacheka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa kwanza, wakati Dubai inapokuwa na huruma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, na haukuwa na haraka ya kuondoka. Daraja la Garhoud lilionekana nusu tu, na magari yalipita juu yake bila sauti, au labda sauti ilikuwepo ila Fanuel hakuitaka. Ndege zilipaa kutoka upande wa uwanja zikamezwa na weupe zingali chini. Maji yalikuwa yamekupwa, na kwenye tope la ukingoni yalibaki yale ambayo watu hudhani wakishayatupa yamekwisha: chupa, mifuko, ndala ya mguu mmoja, mwavuli uliofunguka ukakataa kufungika tena.

Kikundi kilikuwa cha Bi Masuda. Bibi huyu alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa msichana, akaolewa huku na kuzaa huku, na sasa alikuwa na wajukuu ambao Kiswahili chao chote kilikuwa maneno ya kukemewa. Kibali cha manispaa alikuwa nacho yeye. Glavu, fulana za kijani na ndoo pia vilitoka kwake. Kila Jumamosi alisimama ukingoni, baibui limekunjwa juu ya buti za mpira, akiwaelekeza watu kwa sauti iliyovuka maji ikarudi.

Aliyemleta Fanuel hapo ni mkewe, Teresiah, ambaye alikuwa akifanya usafi katika hoteli moja ya Al Garhoud. Mwanzoni Fanuel alimcheka.

"Mama Eve, siku sita unatoa taka za wageni. Siku ya saba unaenda kutoa zingine za bure?"

"Huko hotelini hakuna mtu huniambia asante."

"Na hapo?"

"Hapo Bi Masuda ananiambia. Halafu kuna mahamri."

Fanuel alikuja mara ya kwanza kwa ajili ya mahamri, hilo tusimfiche. Mara ya pili alikuja kwa sababu nyingine, ambayo hakuweza kumwambia mtu. Alipoingia majini na suruali yake imekunjwa, miguu yake ilikumbuka kijito cha kwao, pale alipokuwa akinywesha ng'ombe wa baba yake. Hakuna aliyemwuliza kitambulisho wala aliyemwita kwa kumpigia honi. Alijisikia mwepesi, na kichwa chake kikawa kama cha mtu aliyeamka nusu.

Kile kiti kilikuwa kimezama kwenye tope. Alikivuta kwa mikono miwili, kikatoka kwa mlio wa aibu, akakisuuza na kukisimamisha palepale majini. Miguu yote minne ikashika. Kilikuwa cheupe, kizima, na maji yalipita chini yake taratibu. Mtu angedhani kimewekwa hapo kumsubiri mgeni.

Fanuel alikitazama akaanza kucheka. Alicheka kwa sababu alikijua. Yeye alikuwa mlinzi wa jengo moja la ghorofa huko Al Twar, na pale langoni zamani alikuwa na kiti kama hicho hicho. Kisha bibi mmoja mpangaji akalalamika kwamba kila akirudi na wageni wake anamkuta security amejikalia kama yuko kwao. Meneja akaja, akakibeba kiti kwa kidole kimoja, akaenda nacho. Tangu siku hiyo Fanuel alikuwa anasimama kutwa. Na sasa Khor imemrudishia kiti! Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Eve, si ukae?" Teresiah alimwambia, huku akimnyoshea mfuko wa taka.

"Hapana. Kiti cha watu."

Harrison akapiga picha. Harrison alikuwa mhudumu wa mkahawa, Mkenya mwenzao, na katika chumba chao cha Deira alilala upande wa pili wa ubao uliowatenganisha. Alikuwa na moyo mwema na kidole gumba chepesi. Kabla kile kiti hakijatupwa kwenye lori pamoja na takataka nyingine, picha ilikuwa tayari kwenye status yake, na chini yake ameandika, "Mungu ni mwema."

*

Huko nyumbani, picha iliingia kwa mlango wa Ignatius. Huyu alikuwa binamu yake Fanuel, mwenye simu nzuri kuliko zote pale kijijini na muda mwingi wa kuitazama. Aliiona, akaihifadhi, akaituma kwenye kundi la familia bila neno lolote, kwa kuwa neno halikuhitajika.

Kule kwao kila senta ya maduka ina mtu wake anayeokota chupa na kucheka peke yake. Wa kwao alilala kando ya posho mill, mashine ya kusaga mahindi, na wazee walisema zamani alikuwa karani. Basi watu waliikuza ile picha kwa vidole viwili wakaisoma: mwanamume mzima, miguu pekupeku, suruali imelowa, anacheka na kitu ambacho hakichekeshi. Mbele yake kiti, na yeye hakikalii. Na pembeni yake mkewe, tena Mkikuyu, si wa kabila lao, ndiye anayempa gunia.

Teresiah alizipata habari jioni ya Jumanne, ameketi kitandani anajipaka mafuta miguuni baada ya kazi. Ujumbe wa sauti ulikuwa wa shangazi yake Fanuel, Roselyne, na ulianza kwa upole wa kutisha.

"Teresiah, mtoi wangu. Sisi hatukulaumu. Sema tu ukweli, ulimwekea nini kwa chakula?"

Aliusikiliza tena. Kisha akaugonga ule ubao kwa ngumi.

"Harrison! Hebu kuja hapa."

Harrison alitokea na mswaki mdomoni. Alisikiliza, akatoa mswaki.

"Si nilikuwa napost tu, Mama Eve. Ilikuwa picha poa. Baba Eve sijawahi muona akicheka hivyo."

"Hata wao hawajawahi. Hiyo ndiyo shida."

Fanuel aliporudi aliwakuta wote wawili wakimngoja. Waliposema, alifikiri ni mzaha, akacheka, halafu akajisikia anavyocheka, akaacha. Alimpigia mama yake kwa video ya Botim akiwa bado na sare ya kazi, amesimama mlangoni, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kupiga simu.

Uso wa mama ukajaa kwenye kioo. Alikuwa amefunga kitambaa cha maombi.

"Fanuel, baba," alisema polepole sana. "Umeoga leo?"

"Mama, mimi niko sawa."

"Najua. Umekula?"

"Mama, sina wazimu."

"Najua, baba. Hata yule wa kwa posho mill husema hivyo." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Usiogope. Tumeongea na Ignatius. Jumamosi tunapeleka Dubai sokoni. Utapata nauli ya kurudi, wewe na mtu wa kukushika kwa ndege."

Dubai alikuwa ng'ombe. Ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, aliyenunuliwa kwa mishahara ya kwanza ya Fanuel, na kijiji kizima ndicho kilichompa jina. Binti yao Everlyn, aliyeachwa kwa bibi yake, alinywa maziwa ya Dubai kila asubuhi kabla ya shule, na yaliyobaki yaliuzwa yakanunua sabuni na vitabu. Katika miaka yote ya Fanuel ya kuwa mbali, huyo ng'ombe ndiye kitu pekee ambacho mtu angeweza kukigusa kwa mkono akasema, hiki kimetokana na Fanuel.

"Mama, usimuuze. Tulikuwa tunasafisha mto. Ni kujitolea."

"Nani anawalipa?"

"Hakuna. Ni bure."

Mama alisogea karibu na simu.

"Na ofisi?"

Teresiah aliinua kichwa. Fanuel hakumtazama.

"Ofisi iko," alisema.

"Hapana. Wamekufukuza. Mtu wa ofisi hawezi kuokota chupa." Sauti yake ilivunjika. "Lala, baba. Tunaomba."

Simu ilipokatika, Harrison alirudi upande wake wa ubao bila kuaga. Alizima hata redio yake, ili wapate kugombana kwa raha.

"Mwambie kazi yako," Teresiah alisema.

"Nimwambie mimi ni soja wa geti?"

"Ndiyo. Si ndiyo kazi yako?"

"Wewe hujui. Kanisani wageni wakija, pasta anamsimamisha. Huyu ndiye mama wa Fanuel wa ofisi ya airport. Watu wanampigia makofi. Leo nimwambie akae chini?"

"Kwa hivyo ni afadhali aseme una kichaa?"

Fanuel alianza kufungua vifungo vya sare, kimoja kimoja, kwa uangalifu.

"Kichaa huwa kinapona," alisema.

*

Hakuna kazi ngumu kama kuwathibitishia watu kwamba akili zako ziko mahali pake. Fanuel aliijaribu juma zima. Alipoandika ujumbe mfupi, Ignatius alijibu kwamba mgonjwa hataki kuongea. Alipoandika mrefu, Ignatius alijibu kwamba mgonjwa anaongea sana. Alipopiga simu, Ignatius ndiye aliyepokea, akasema mama anafunga na kuomba, kisha akamwuliza kwa sauti ya kumbembeleza mtoto kama anajua leo ni siku gani.

Mchana alisimama langoni kwake huko Al Twar na mambo yote yakawa mbali. Jua la baridi lilimwagika juu ya lami ikang'aa. Paka wa jirani alitembea juu ya ukuta, akageuka, akatembea tena. Kuna wakati Fanuel hakuiona lami. Aliona maji yanapita chini ya magari, na upande wa pili wa maji mama yake anavuta kamba ndani ya ukungu, na ng'ombe hataki kutembea. Alitaka kuita, akasikia honi.

Alikuwa yule bibi mpangaji. Alishusha kioo kidogo, akamtolea mfuko wa mabaki ya chakula cha njiani bila kumtazama.

"Throw this," alisema.

"Yes, madam."

Akaupokea. Akaufikisha kwenye pipa, na njiani akajiuliza, bila hasira, kwa nini taka ya Khor ilimfanya acheke na hii inamfanya atamani kulala. Alisimama karibu na pipa muda mrefu kuliko ilivyopasa, mikono imening'inia. Yeyote ambaye angempiga picha wakati huo na kuituma kijijini angewafurahisha sana akina Ignatius.

Teresiah naye alikuwa na juma lake. Ujumbe wa Roselyne ulizaa nyingine. Mmoja ulisema Wakikuyu wana dawa. Mwingine ulimwomba, kwa jina la Yesu, aseme dawa yenyewe aliinunua wapi ili waitafutie kinyume chake. Alizisoma jumbe hizo kwenye chumba cha mashuka hotelini, akalia kwa kuficha uso ndani ya taulo safi, kisha ikambidi hilo taulo alirudishe kwa dobi. Alhamisi jioni alimkuta mumewe anapasha chakula kwenye jiko la pamoja, akasimama nyuma yake.

"Baba Eve, mimi sijawahi kukuambia useme chochote nyumbani. Kwetu wanajua natandika vitanda. Mamangu anajua. Hakufa."

"Ni tofauti."

"Najua ni tofauti. Lakini watu wenu wananiita mchawi. Na wewe unakaa hapo unalinda ofisi ambayo haiko."

Fanuel aliendelea kukoroga. Alimpenda mke huyu, na aliona aibu mpaka shingoni. Mboga ikaanza kuungua, wakala hivyo hivyo.

*

Jumamosi ilipofika, Fanuel alisema haendi Khor.

"Mimi naenda," Teresiah alisema, anafunga viatu. "Nikiacha leo watasema nimeona haya. Sijafanya kitu cha kuonea haya."

Alishuka ngazi peke yake. Alipoketi kituo cha basi alisikia hatua nyuma yake, na hakugeuka, ila alisogea kidogo kwenye benchi. Fanuel alibaki amesimama.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko juma lililopita. Watu wa kikundi walionekana vipande, glavu hapa, ndoo pale, na sauti zao zilikuwa karibu hata walipokuwa mbali. Fanuel aliingia majini akaokota bila kuchagua. Chupa, kamba, kopo. Alitazama mahali pale palipokuwa na kiti. Palikuwa na maji tu, na ndege mweupe mwenye miguu mirefu amesimama, naye anatazama.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa video, na mama yake alikuwa sokoni. Nyuma yake kulikuwa na vumbi na mbuzi na mtu mwenye koti refu la kazi aliyeshika fimbo.

"Fanuel, baba. Nimetaka umuone Dubai kabla aende."

Kioo kikajaa uso wa ng'ombe, lile doa jeupe na macho makubwa yaliyolowa. Dubai akapumua juu ya simu, picha ikawa ukungu, na kwa muda ikawa hakuna tofauti kati ya huko na huku. Fanuel alijifuta macho kwa fulana yake.

Bi Masuda alikuwa karibu, anaminya maji kwenye ncha ya baibui.

"Nani huyo mwanangu? Mbona walia?"

Teresiah ndiye aliyemweleza, kwa haraka, yote, picha, posho mill, ng'ombe na dawa ya Wakikuyu. Bi Masuda alisikiliza mdomo wazi, kisha akavua glavu.

"Nipe mie hiyo simu. Hujambo, bibi?"

"Sijambo," mama alijibu kwa Kiswahili chake cha kanisani. "Wewe ni daktari wake?"

"Mie Masuda. Mie ndo mkubwa wao hawa."

"Mkubwa wa wagonjwa?"

"Ndo mie huyo." Bi Masuda alicheka. "Bibi, mwanao mzima. Hapa twaokota taka, basi. Na mie naokota. Nina nyumba, nina wajukuu, na dereva yule pale ananngoja, na naokota."

"Nani anakulipa?"

"Silipwi."

"Hata wewe?"

"Hata mie."

Walimsikia mama akigeuka pembeni. "Ignatius," alisema, "kumbe wako wengi."

"Hebu nisikilize, bibi," Bi Masuda alisema, na sasa hakucheka. "Nilipoletwa huku nilikuwa mtoto. Hapa kwenye hori ndipo tuliposhukia, mie na mama'angu na furushi moja. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Mama akaninawisha uso kwa maji haya haya, akanambia, basi, hapa ndo kwetu. Sasa mie nitapitaje hapa nikaona pamejaa chupa, nikaenda zangu? Siwezi, bibi. Moyo hauniachi."

Kule sokoni mbuzi walilia.

"Hayo ni maneno ya mtu mzima," mama alisema. "Wewe huo ni mto wako. Lakini mwanangu ni mtu wa ofisi. Kama ofisi iko, anafanya nini kwa matope? Hebu nipe yeye nimuulize."

"Ofisi?" Bi Masuda alisema, akamtazama Fanuel. Alijua vizuri alikofanya kazi, maana dereva wake alikuwa akimshusha Al Twar siku nyingine. Alifungua kinywa, akakifunga, akamrudishia simu. Teresiah aligeukia upande wa pili. Alitazama maji.

"Mama, tunauza ama hatuuzi?" yule mwenye fimbo alisikika akiuliza. "Watu wanangoja."

"Ngoja wewe pia," mama alimjibu. "Fanuel. Kazi yako ni gani?"

Fanuel aliona ule uso wa mama na kitambaa chake cha maombi, na nyuma ya bega lake masikio ya ng'ombe. Aliona kanisa, watu wanapiga makofi. Maji yalimpita miguuni, ya baridi.

"Mama, sina ofisi," alisema. "Sijawahi kuwa na ofisi. Mimi ni soja. Nasimama kwa geti ya watu, nafungulia magari."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike."

"Na Teresiah alijua?"

"Alijua. Nilimkataza asiseme."

Ndege ikapita juu yao, haionekani, ikasikika mpaka ikaisha. Fanuel alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa bado pale, anamtazama, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo hakuwa ameiona juma zima.

"Sasa ndiyo unaongea kama mtu ako na akili," mama alisema.

"Mama..."

"Nyamaza kwanza. Miaka yote unaniambia ofisi. Na kila ukipiga nasikia honi. Naona jua kwa uso wako. Naona umesimama. Sijawahi kukuona umeketi, Fanuel, hata siku moja. Nikawa najiuliza, hii ofisi gani haina kiti? Nikaogopa kukuuliza. Halafu Ignatius ananionyesha picha, kiti hicho hapo mbele yako, na wewe umesimama unakicheka. Mtu mwenye akili akipata kiti, anaketi. Hapo ndipo nilisema, mtoto wangu ameenda."

"Kiti walinichukulia, Mama," Fanuel alisema, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu mzima. "Kazini. Nilikuwa nacho. Mama mmoja wa pale juu alisema nisikae."

"Alikunyima kiti?"

"Ndiyo."

Mama alifyonya, mfyonyo mrefu wa kwao, ambao ulitoka sokoni ukavuka bahari bila kupungua. Bi Masuda, aliyekuwa akijifanya hasikii, naye akafyonya.

"Na kanisani, Mama? Pasta akikusimamisha?"

"Akinisimamisha nitasimama. Si hata wewe unasimama?" Kisha akasema, "Huyo Teresiah yuko hapo? Teresiah, mama. Utanisamehe. Roselyne niachie mimi, nitamuongelesha jioni."

Teresiah aliitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa alikuwa analia, na safari hii hakutafuta taulo.

"Wewe," mama alimwambia yule mwenye fimbo. "Lete kamba yangu."

"Aa, mama! Si tulikuwa tumeelewana?"

"Tulikuwa tumeelewana wakati mwanangu alikuwa mgonjwa. Lete."

Kulikuwa na kelele kidogo, kamba ikarudi. Mama alijitokeza tena kwenye kioo.

"Fanuel. Keti nikuone."

Fanuel alitazama huku na huku. Palikuwa na tope na mawe yenye ute wa kijani. Bi Masuda, bila kuambiwa, aliimwaga ndoo yake, chupa zote za asubuhi nzima zikatawanyika tena ukingoni, akaipindua na kuipiga kofi matako yake.

"Haya, kalia."

Fanuel alitoka majini akaketi. Alimpa Teresiah simu, naye Teresiah akarudi nyuma nayo kidogo ili mama amwone mzima, magoti juu, mikono imelala mapajani, fulana ya kijani imelowa. Mama alimtazama kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyemharakisha.

"Umekonda," alisema.

Akaitia simu kwenye mfuko wa sweta na kuisahau bila kuikata. Kioo kikawa cheusi. Lakini walisikia hatua zake barabarani, na kwato za Dubai zikifuata polepole, na baada ya muda maji. Fanuel aliyajua. Ni pale kwenye kijito, kwenye mawe ya kuvukia. Walisikia ng'ombe akinywa, kwa vipindi virefu, na mama akimngoja. Teresiah aliiweka simu katikati yao, naye akachutama. Bi Masuda alisimama akitazama maji yake, akisikiliza maji ya wengine.

Sauti ya mwanamke ikatokea mbali, ng'ambo ya kijito.

"Mama Fanuel! Mbona unarudi na ng'ombe? Kijana amepona?"

"Amepona," mama alisema.

Kisha mtandao ukakatika.

Ukungu ulikuwa unaanza kupanda, na daraja likaonekana lote. Maji yalikuwa yanajaa, yakizirudia zile chupa zilizomwagwa. Harrison na wengine walikuwa wameshazikimbilia. Bi Masuda alivaa glavu zake.

"Yalla, Fanuel, inuka. Maji hayo yaja. Nataka ndoo yangu."

"Bado kidogo, Bi Masuda," Fanuel alisema. "Mama amesema niketi."